Shule mpya au kongwe? Mambo ya kupima kabla ya kwenda kufunza Kiingereza ughaibuni

MWALIMU aliyehitimu chuo kikuu, akasajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC), kisha akasubiri ajira ya kudumu mwaka nenda mwaka rudi huku akilipwa vijisenti na bodi ya shule ya kijijini, hawezi kulaumiwa anaporuka kwa furaha siku anapopata barua ya kumwita akafunze Kiingereza Dubai, Bangkok au Chengdu. Wasiwasi huanza barua zinapokuwa mbili. Ya kwanza imetoka katika shule yenye umri wa miaka 30, jina linalojulikana mjini na mshahara wa kadiri. Ya pili imetoka katika shule ambayo itafungua milango yake Septemba ijayo. Mshahara wake ni mnono zaidi, cheo kimeahidiwa, na picha zilizoambatishwa zinaonyesha bwawa la kuogelea ambalo, ukilitazama vyema, limechorwa kwa kompyuta.

Aichague ipi? Wengi hujibu papo hapo kwamba kongwe ndiyo salama. Jibu hilo lina ukweli, ila si ukweli wote. Biashara ya kufunza Kiingereza imeporomoka zaidi ya mara moja katika miaka 20 iliyopita, na kila ilipoporomoka walioumia zaidi walikuwa walimu waliotumainia ukubwa na umri wa mwajiri wao.

Nchi yenyewe kwanza

Kabla ya kuipima shule, Mkenya hana budi kuuliza iwapo nchi yenyewe inampokea. Korea Kusini, mathalani, kwa kawaida huwapa viza ya mwalimu wa lugha ya Kiingereza, ijulikanayo kama E-2, raia wa mataifa saba pekee: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Wakala anayemtoza Mkenya pesa ili ampatie kazi hiyo Seoul au Busan anauza hewa, na haijalishi kama shule anayoitaja ni mpya au ni ya tangu enzi za mababu.

China ina utata zaidi. Anayetaka kufunza lugha hutakiwa kwa kawaida awe raia wa nchi ambako lugha hiyo ni ya mama, awe na shahada na tajriba ya kazi. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya 2010 kinataja Kiingereza kuwa lugha rasmi sambamba na Kiswahili, lakini machoni pa afisa wa uhamiaji lugha rasmi na lugha ya mama ni vitu viwili. Ndiyo maana njia iliyo rahisi zaidi kwa Mkenya huko ni kufunza hisabati, sayansi au somo jingine kwa Kiingereza, au kuwa na shahada aliyoipata katika mojawapo ya nchi zinazotambuliwa.

Hapa ndipo umri wa shule unapoanza kuwa na uzito. Si kila taasisi nchini China inaruhusiwa kuajiri wageni. Shule iliyokaa kwa muda huwa imekwisha kupata idhini hiyo na ina karani anayejua dirisha la kupeleka karatasi. Shule mpya huenda bado inaitafuta, na kishawishi cha kumwambia mwalimu "njoo kwa viza ya kitalii, tutabadilisha ukifika" huwa kikubwa. Asikubali. Sheria ya China iliyoanza kutekelezwa Julai 1, 2013 inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa zito anaweza kuzuiliwa kwa siku 5 hadi 15. Viza halali ya kazi ni ile ya Z, ambayo hupatikana kabla ya kuondoka nyumbani, na mwenye nayo hutakiwa kuomba kibali cha ukaazi katika muda wa siku 30 baada ya kuwasili.

Thailand nayo ina karatasi zake: viza ya kazi, kibali cha kazi, na leseni au ruhusa ya muda ya baraza la walimu la nchi hiyo. Zote humtegemea mwajiri. Shule isiyowahi kuajiri mgeni itajifunzia kazi hiyo mgongoni mwako.

Kongwe pia huanguka

Msomaji anayeamini kwamba ukubwa ni kinga na asome kisa cha NOVA. Kampuni hiyo ya Japani ilianzishwa 1981 ikakua hadi kuwa mtandao mkubwa kuliko yote ya shule za Kiingereza nchini humo, yenye mamia ya matawi karibu na vituo vya treni na sungura wa rangi ya waridi aliyejulikana na kila mtoto kupitia matangazo ya televisheni. Kijana wa Australia au Kanada aliyepata kazi huko alijiona amefika. Mnamo Oktoba 26, 2007, kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama mjini Osaka dhidi ya wadai wake. Takriban walimu 4,000 wa kigeni walijikuta bila mishahara, mbali na mamia ya maelfu ya wanafunzi waliokuwa wamelipia masomo ambayo hayangefunzwa.

Ukweli ni kwamba dalili zilikuwepo. NOVA iliuza masomo kwa jumla: mwanafunzi alilipa mapema kwa mamia ya vipindi, na pesa hizo zikatumika kufungua matawi zaidi. Mtindo wa aina hiyo husimama maadamu wateja wapya wanaingia. Mwezi Aprili 2007 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba kanuni za kampuni hiyo za kuwarejeshea fedha wanafunzi waliokatiza masomo hazikuwa halali. Juni mwaka uo huo, wizara husika ikaizuia kwa miezi sita kusajili wateja wapya wa mikataba ya muda mrefu. Kuanzia hapo mto ulikauka. Mishahara ilianza kuchelewa. Walimu waliokuwa wakikatwa kodi ya nyumba kwenye mshahara walishtuka kupata notisi za kuhama, kwa kuwa waliokatwa walikatwa kweli lakini wenye nyumba hawakulipwa. Mwishowe chama cha wafanyakazi kilipanga utaratibu wa walimu kufunza kwa malipo ya chakula.

Miaka miwili na nusu baadaye, Aprili 2010, kampuni nyingine ya siku nyingi, GEOS, ikafilisika nchini humo humo.

China ilifuata kwa sababu tofauti. Vituo vya kufunza watoto Kiingereza vilivyokuwa na jina la Disney, vilivyoanza Shanghai 2008, vilifungwa kabisa 2020 wakati wa janga la corona. Julai 2021 serikali ikapiga marufuku masomo ya ziada ya kibiashara kwa masomo makuu ya shule za msingi na sekondari ya chini, Kiingereza kikiwemo. New Oriental, kampuni iliyoanzishwa Beijing 1993 na kuwa jabali la sekta hiyo, iliachisha kazi watu 60,000 mwaka huo. Wall Street English, iliyokuwa ikifunza watu wazima, ilianguka nchini humo Agosti 2021 hiyo hiyo. (Waliokuwa walimu wa New Oriental waligeukia kuuza mchele na nyama mtandaoni huku wakitafsiri majina ya bidhaa kwa Kiingereza, na biashara hiyo ikavuma 2022. Mwalimu hakosi la kufanya.)

Visa hivi vinatofautiana katika jambo moja muhimu. NOVA iliuawa na namna ilivyoendesha fedha zake, na mwalimu makini angeweza kuona. New Oriental ilipigwa na amri ya serikali, ambayo mwalimu wa kawaida hakuwa na njia ya kuiona. Kituo cha tuisheni, hata kiwe na umri gani, hukaa karibu zaidi na dhoruba ya aina hii kuliko shule ya kawaida inayofuata mtaala wenye mtihani wa mwisho. Kwa hivyo swali la "ina miaka mingapi?" litanguliwe na hili: pesa za mshahara wangu zinatoka wapi, na nani anaweza kuzikatiza?

Shule changa na hesabu zake

Shule mpya ya kibinafsi katika nchi za Ghuba aghalabu haifunguliwi nzima. Huanza na chekechea na madarasa machache ya chini, kisha huongeza darasa moja kila mwaka wale wa kwanza wanapopanda. Katika miaka hiyo ya mwanzo karo haigharimii jengo, mabasi na mishahara. Anayejaza pengo ni mwekezaji. Mwekezaji mwenye mfuko mzito anaweza kustahimili hasara kwa miaka kadhaa. Yule mwenye mkopo wa benki na matumaini mengi atalipa mishahara ya Desemba kwa karo ya muhula wa Januari, na ikikosekana, mtaambiwa mvumilie.

Hii ndiyo sababu ya kuuliza idadi ya wanafunzi waliokwisha kulipa, wala si idadi ambayo jengo linaweza kubeba. Tangazo likisema "shule ya wanafunzi 1,800" ilhali waliosajiliwa ni 140, mwalimu anapaswa kuijua namba ya pili. Aulize pia iwapo leseni imetoka au bado iko njiani, na kama jengo limekamilika.

Nina mpwa wangu, mwalimu wa Kiingereza na Fasihi, aliyeajiriwa na shule ya namna hii katika mji mmoja wa Ghuba. Alipowasili Agosti jengo halikuwa na madirisha. Walifunzia katika nyumba ya kukodisha kwa wiki saba, jikoni pakiwa maktaba. Alikuwa ameahidiwa kuwa mkuu wa idara ya Kiingereza, na akawa kweli, isipokuwa idara nzima ilikuwa yeye. Aliandika maazimio ya kazi ya madarasa yote, akachagua vitabu, akapokea wazazi Jumamosi na kugawa vikaratasi vya matangazo dukani. Mshahara wa Novemba ulichelewa siku 19. Alinipigia simu akilia, nami nikamwambia arudi nyumbani.

Hakurudi. Mwaka wa tatu shule ilijaa, na leo ni naibu wa mwalimu mkuu wa sehemu ya msingi, cheo ambacho katika shule kongwe ya jirani hushikwa na watu waliokaa miaka kumi na zaidi. Anasema kilichombakisha si ujasiri bali jambo dogo: mwenye shule alifika mwenyewe chumba cha walimu, akawaambia siku ambayo pesa zingeingia, na zikaingia siku hiyo. Ushauri wangu ulikuwa wa haraka mno, ingawa ningali naamini kwamba angekuwa na watoto nyumbani wanaongoja karo, ungekuwa sahihi.

Hali ya mwombaji ina uzito kama hali ya shule. Asiyewahi kufunza nje anahitaji wenzake wa kumwonyesha kazi, mtaala ulioandikwa, na mtu wa kumshika mkono benki na hospitalini. Vitu hivi hupatikana kwa wingi katika shule iliyokaa. Mwenye tajriba ya miaka minane au tisa, aliyechoka kufuata ratiba iliyopangwa na mtu mwingine, ndiye shule mpya inayemfaa, nayo ndiyo inayomhitaji.

Shule kongwe nayo ina karaha zake. Mishahara hufuata ngazi isiyopanda haraka. Vitabu vimekwisha kuchaguliwa, vipindi vimepimwa kwa dakika, na wazo jipya hupitia kamati tatu. Katika baadhi ya mitandao mikubwa mwalimu ni kama tairi la gari, likiisha linabadilishwa. Shule yenye miaka 25 inayotangaza nafasi 30 za walimu kila mwaka ina ugonjwa ambao umri wake hauuponyi.

Dubai imerahisisha kidogo kazi ya kuchunguza. Mamlaka ya elimu ya mji huo, KHDA, ilianza kukagua shule za kibinafsi 2008 na kuchapisha ripoti zinazozipanga kuanzia bora kabisa hadi dhaifu. Ripoti hizo zimekuwa zikitaja idadi ya walimu, idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu, na kiasi cha walimu wanaoondoka. Mtu yeyote anaweza kuzisoma mtandaoni akiwa Kakamega au Voi. Shule mpya, hata hivyo, husubiri mwaka wake wa tatu ndipo ikaguliwe kikamilifu, kwa hivyo anayeajiriwa mwaka wa kwanza hana ripoti ya kumwongoza.

Jina la kale, tawi la juzi

Kuna aina ya tatu inayowachanganya wengi, nayo ni shule mpya iliyovaa jina kongwe. Shule maarufu za bweni za Uingereza zimekuwa zikikubali majina yao yatumiwe Asia na Ghuba kwa miaka mingi sasa. Harrow, iliyoanzishwa karne ya 16, ilipata tawi Bangkok 1998 na jingine Beijing 2005. Dulwich College ilifika Shanghai 2003. Jina huwa la London, lakini mara nyingi mwenye shule ni kampuni ya huko huko inayolipia haki ya kulitumia.

Kwa mwalimu, jambo la kutazama ni mstari wa kwanza wa mkataba, penye jina la mwajiri. Likiwa ni la kampuni iliyosajiliwa mwaka jana, basi ameajiriwa na kampuni ya mwaka jana. Jina hilo linaweza hata kuondolewa. China ilitoa kanuni zilizoanza kutekelezwa Septemba 1, 2021 zinazozuia wageni kudhibiti shule za kibinafsi zinazotoa elimu ya lazima, na Harrow Beijing ikabadilisha jina 2022 na kuitwa Lide.

Nchini Thailand kuna sura nyingine ya jambo hili. Shule ni ya serikali na ina umri wa miaka 60, lakini anayemwajiri mwalimu wa kigeni ni wakala anayelipwa na shule na kubaki na sehemu. Mwalimu hufunza katika jengo kongwe huku akilipwa na ofisi ya vyumba viwili.

Mkataba usomwe kwa kalamu mkononi

Mshahara unaotangazwa una sehemu mbili, mshahara wa msingi na marupurupu. Katika Milki za Kiarabu, sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inampa mfanyakazi aliyekamilisha mwaka mmoja au zaidi kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa miaka inayofuata. Chukua walimu wawili wanaopokea dirhamu 12,000 kila mmoja kwa mwezi. Wa kwanza ana msingi wa 10,000, wa pili ana msingi wa 6,000 na yaliyosalia ni marupurupu. Baada ya miaka miwili wa kwanza ataondoka na 14,000 na wa pili 8,400. Hila hii hufanywa na shule za rika zote.

Sheria hiyo inaweka kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita, na mwajiri anayetaka kumwachisha kazi mwalimu katika kipindi hicho anapaswa kumpa notisi ya maandishi ya siku 14. Ada ya kuajiriwa ni mzigo wa mwajiri. Pasipoti ni ya mwenyewe, na hakuna shule yenye haki ya kuifungia kabatini.

Yafaa pia kuuliza nani anayelipa nauli ya kurudi mkataba ukivunjika katikati, na iwapo nyumba inamilikiwa na shule au imekodishwa. Kisha aombe kuzungumza na walimu wawili: mmoja aliyepo na mmoja aliyeondoka. Shule kongwe isiyoweza kutaja mwalimu hata mmoja aliyeondoka kwa wema imekwisha kujibu. Shule mpya haina walioondoka, lakini ina mwalimu mkuu aliyewahi kufanya kazi kwingine, na ni haki kuuliza alikotoka na alikaa kwa muda gani. Mwalimu mkuu anayehama kabla ya shule kufunguliwa ni kengele ambayo haifai kupuuzwa.

Kuhusu mawakala wa hapa nyumbani, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA) ina orodha ya walioidhinishwa kupeleka Wakenya kazini nje. Jina lisilokuwemo lisipewe hata shilingi ya usajili.

Nchi za karibu zisisahaulike. Rwanda iliamua 2008 kufunza kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na tangu Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lianze Julai 2010 Mkenya ana njia nyepesi zaidi ya kufanya kazi huko. Sudan Kusini nayo ilivutia walimu wetu wengi hadi vita vilipozuka Desemba 2013 na wakalazimika kukimbia. Huko umri wa shule haukumsaidia mtu.

Shule nyingi za Ghuba huanza mwaka wao mwishoni mwa Agosti na hutafuta walimu kati ya Januari na Mei. Vyeti huchukua muda: chuo kikuu kithibitishe, Wizara ya Mashauri ya Kigeni itie muhuri, kisha ubalozi wa nchi husika, pamoja na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Anayeanza Juni atajikuta akichagua kati ya shule zilizobaki, na zinazobaki Julai zikiwa bado na nafasi kumi wazi huwa ni za aina mbili tu: zile ambazo zimefungua milango juzi na zile ambazo walimu wamezikimbia. Nakala ya mkataba uliotiwa saini, nambari ya leseni ya shule na anwani ya ubalozi wa Kenya ulio karibu ziachwe kwa mtu wa nyumbani anayeweza kushika simu usiku, pamoja na akiba ya nauli ya kurudi katika akaunti ambayo shule haiijui.